Sufuria ikianguka, nyumba nzima inanyamaza

BARUA

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia saa nane za usiku, nimekaa jikoni na tochi ya simu. Mume wangu amelala sebuleni, ndiyo kwanza ametulia. Barua hii nimeifuta mara tatu. Leo nimeamua iende.

Nina miaka 38, naishi Ujiji, nina watoto watatu. Nafanya biashara ya dagaa: nanunua alfajiri kwenye mwalo wa Kibirizi, naanika, nauzia wanaopeleka Tabora na Dar. Mume wangu ni mstaafu wa JWTZ. Tulioana mwaka 2009, na wakati huo alikuwa mtu wa utani, mama yangu akimwona tu anaanza kucheka kabla hata hajasalimiwa. Akija likizo, uani kwetu kulijaa watoto wa mtaa mzima.

Alikwenda ulinzi wa amani mara mbili, kwanza Darfur, halafu Kongo, upande wa Kivu Kaskazini. Kongo alirudi mwanzoni mwa 2018. Desemba iliyotangulia ndipo kambi ya Semuliki iliposhambuliwa. Yeye hakuwepo kambini siku ile, lakini baadhi ya waliokufa alikuwa anakula nao sinia moja, na alikuwa miongoni mwa walioipokea miili yao. Zaidi ya hapo hajaniambia na mimi sijauliza.

Mwanzoni nilisema ni uchovu. Alipostaafu mwaka 2021 ndipo nilipoona kwamba kumbe siku zote kazi ndiyo ilikuwa inamshikilia. Usiku anaweweseka, anaita majina ya watu nisiowajua, anaamka shuka limelowa jasho. Komeo la mlango analikagua mara nne, mara tano. Akikaa lazima atazame mlango. Kuna usiku alikuwa anapiga kelele usingizini, nikamtikisa bega. Akanikaba shingo. Alipozinduka na kuona ni mimi, alilia kama mtoto, na tangu siku hiyo analala kwenye mkeka sebuleni, panga likiwa chini ya mto. Hajawahi kunipiga akiwa macho, naomba uelewe hilo.

Zamani tulikuwa tunakwenda wote Kibirizi, yeye ananibebea gunia. Siku moja mfanyabiashara kutoka ng'ambo akawapigia wachukuzi kelele kwa kile Kiswahili chao cha Kongo. Mume wangu aliweka gunia chini taratibu, akageuka, akatembea kwa miguu mpaka Ujiji bila kuniaga. Hajarudi tena mwaloni.

Nyumbani tumeshazoea. Watoto wanatembea kwa vidole. Milango haibamizwi, redio haiwashwi, wageni hawaji. Harusi hatuendi kwa sababu ya muziki na fujo. Nawaambia ndugu kwamba mzee ana homa. Radi ikianza kupiga ziwani nawahi kufunga madirisha kabla hajaisikia. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa miezi mitatu nilishinda nyumbani naye tangu asubuhi mpaka usiku, nikadhani nitapata wazimu.

Wiki iliyopita mtoto wangu wa mwisho, ana miaka sita, aliangusha mfuniko wa sufuria jikoni. Hakuuokota. Alisimama pale pale, akanitazama mimi, akaninong'oneza, "Mama, baba yuko wapi?" Halafu akauchukua mtandio wangu kwenye kiti akaufunika ule mfuniko, kama vile kelele bado iko ndani yake. Huyu mtoto hamjui baba yake wa zamani. Amezaliwa ameikuta nyumba hivi.

Na mimi, shangazi, sijui nimekuwaje. Usiku sisinzii, nasikiliza pumzi zake. Moyo unanienda mbio bila sababu. Kikoba nimeacha. Juzi nimemfokea mteja wangu wa miaka mingi kwa shilingi mia tano. Mama mkwe anasema ni majini ya huko alikokwenda, kuna mganga anataka shilingi laki nne. Somo wangu wakati naolewa aliniambia siri ya mume ni kaburi. Sasa hata dada yangu hajui kitu.

Mume wangu ameanza kunywa, si kila siku. Na kuna jambo naona aibu kuliandika. Wakati mwingine natamani jeshi lingemwita tena, aende mbali, ili nilale. Mke gani anamwombea mumewe arudi kwenye risasi? Je, nikisema nimechoka, nitakuwa nimemsaliti?

Mama wa Watatu, Ujiji


JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nianzie pale ulipoona aibu. Hukumwombea mumeo risasi. Uliomba usingizi, na kwa jinsi nyumba yako ilivyokaa, usingizi umeuona kwa njia moja tu: yeye akiwa hayupo. Mtu ambaye hajalala vizuri tangu 2018 atawaza mambo mengi saa nane za usiku, na hili si baya kuliko mengine. Nimesoma barua za wake wengi na wewe si wa kwanza kuwaza hivyo. Liweke chini hilo, tuendelee.

Ulichonieleza kina jina. Kwa Kiswahili tunakiita kiwewe, na madaktari wa akili wanakitambua kama ugonjwa wenye dalili zake na tiba yake. Madaktari wa Marekani walikiingiza rasmi kwenye orodha ya magonjwa mwaka 1980, baada ya askari wao kurudi kutoka Vietnam. Lakini watu walikijua kabla ya daktari yeyote kukipa jina. Mimi nimekulia Tabora. Mwaka 1979 baba yangu mdogo alirudi kutoka vita ya Uganda, na kwa miezi mingi alilala nje chini ya mwembe, mgongo kwenye shina. Wazee walisema mwili umerudi, kichwa kimebaki Kagera. Walikuwa wamekiona sawasawa, ila hawakuwa na pa kumpeleka.

Ninayemkumbuka zaidi, hata hivyo, ni mkewe, mama mdogo. Sisi watoto tulimwogopa. Ukidondosha kikombe, kofi. Ukicheka kwa sauti, kofi. Tulisema mama mdogo mkali, na tukakua tukisema hivyo. Nimekuwa mtu mzima, na wajukuu ninao, ndipo nikaelewa kwamba mama yule hakuwa mkali. Alikuwa hajalala, kama wewe. Hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kumuuliza, "Na wewe je?" Nilipofika pale ulipoandika kuhusu mteja na shilingi mia tano, nilimwona yeye.

Sasa tumtazame mumeo kidogo, maana ukielewa kinachomtokea utaacha kujilaumu kwa nusu ya mambo. Katika kichwa cha mtu kuna kengele ya hatari. Mtu akipita kwenye tukio la kifo, kengele hiyo inaweza kukwama ikiwa imewashwa. Kwa hiyo tukio linarudi lenyewe usiku, kwa ndoto na kuweweseka. Mchana anakwepa chochote kinachofanana nalo. Mwili unakaa macho muda wote: komeo, mlango, panga. Na moyo unaingia giza: hatia, hasira, kufa ganzi hata kwa watu anaowapenda. Dalili hizi zikizidi mwezi mmoja na kuharibu maisha ya kila siku, si uchovu tena.

Yule mfanyabiashara wa Kibirizi hakumkosea mumeo, wala mumeo hamchukii Mkongomani. Sikio lake lilisikia lafudhi ile ile aliyokuwa akiisikia siku za Kivu, na kabla akili haijasema "hapa ni Kigoma, hili ni gunia la dagaa," mwili ulikuwa umeshaondoka. Desemba 7, 2017, pale Semuliki, vijana wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa. Na Julai 2013 Darfur tulipoteza saba kwa siku moja. Taifa lilizipokea zile bendera juu ya majeneza, tukalia, tukazika. Waliorudi kwa miguu yao hatukuwauliza sana, na wake zao hatukuwauliza kabisa. Hilo linaniuma, na ndiyo sababu jibu langu leo ni refu.

Mwanangu, neno langu kubwa kwako ni hili: umejipanga lindo. Mumeo amestaafu jeshi, wewe ndiyo umeingia. Unakesha, unasikiliza pumzi, unafunga madirisha kabla ya radi, unawafundisha watoto kutembea kwa vidole, unawadanganya ndugu. Umefanya yote kwa mapenzi, wala hakuna mtu aliyekupa zamu ya kukupokea. Lakini lindo hili lina ubaya mmoja ambao huwezi kuuona ukiwa ndani yake. Linailisha ile kengele. Kila mara nyumba nzima inapokimbia kelele ya mfuniko, kichwa chake kinapata ushahidi: kumbe kweli kelele ni hatari, mbona hata mke wangu anakimbia? Wataalamu wanaotibu kiwewe wameliona hili kwa familia nyingi za askari. Kadiri nyumba inavyojikunja kuuzunguka ugonjwa, ndivyo ugonjwa unavyopata nafasi ya kukaa, na ndivyo mke anavyozidi kuchakaa.

Sisemi ukabamize milango makusudi ili azoee. Usifanye hivyo kamwe, huo ni ukatili, na kumzoesha mtu hofu yake ni kazi ya aliyesomea. Nasema acha kuikimbia kelele ya kawaida. Mfuniko ukianguka, sema kwa sauti yako ya kila siku, "Mfuniko umeanguka jikoni, mtoto anauokota." Basi. Mtoto auokote, wewe uendelee kupepeta mchele. Mvua ikija, mwambie kabla: "Kuna wingu ziwani, leo itapiga radi." Radi inayotajwa inamkuta amejiandaa. Ile unayomfichia inamvamia.

Watoto nao waambie ukweli unaolingana na umri wao. Mtoto wa miaka sita anafunika mfuniko kwa mtandio kwa sababu amejitungia maelezo mwenyewe, na maelezo ya mtoto karibu siku zote yanaishia kwa "mimi ndiye niliyekosea." Mkalishe, mwambie: baba aliona mambo ya kutisha sana kazini, kelele ya ghafla inamkumbusha, si kosa lako, wala baba hajakuchukia, na kumtibu baba ni kazi ya daktari, si yako. Huyu mkubwa atahitaji zaidi ya hapo. Mpe nafasi ya kuuliza, na usimfanye msaidizi wako wa lindo.

Usiku. Akiweweseka, usimguse. Ulimgusa mara moja ukaona, na yule aliyekukaba hakuwa anakuona wewe. Simama mlangoni au upande wa miguu, washa taa, umwite kwa jina lake, taratibu, urudie: "Uko Ujiji. Uko nyumbani. Ni mimi." Mpe muda ajue alipo kabla hujasogea. Na huku kulala mbalimbali usikuone kama talaka ya kimyakimya. Kwa sasa ni usalama wa wote wawili. Mwambie hivyo kwa maneno, mchana, ili asije akadhani unamkimbia. La faragha yenu, ukiona amepoa, jua kwamba ganzi hii ni sehemu ya ugonjwa, na dawa nyingine zinachangia. Ni la kumwambia daktari, si la kujitafutia kasoro kwenye kioo.

Panga litoke ndani. Hili sina maneno mawili. Usilichukue kwa kuviziana akiwa amelala. Zungumza naye asubuhi akiwa ametulia, muelewane likatunzwe kwa kaka yake au jirani mnayemwamini. Akigoma kabisa, mwone huyo kaka mtu kabla hujamwona mtu mwingine. Mtu mwenye kiwewe, anayeanza kunywa, ambaye usiku hajui alipo, halali na panga nyumba moja na watoto watatu. Na siku utakayomsikia akisema bora angebaki na wenzake, au anagawa vitu vyake, muulize wazi: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimtii mtu wazo, linampa mlango wa kusema. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake, na siku hiyo hiyo mfike hospitali.

Sasa wewe. Najua umeifungua barua hii ukitafuta dawa yake, na sehemu hii utataka kuiruka. Usiiruke.

Kwanza usingizi. Wavuvi wako, mbalamwezi ikiwaka sana, wanaziacha taa zao na mitumbwi inapumzika, kwa sababu dagaa hawaji kwenye taa mwezi ukiwa mpevu. Siku hizo hata wewe huna cha kufuata mwaloni. Mimi nakuomba uzifanye zako. Kila mwezi, usiku mbili au tatu za mbalamwezi, lala kwa dada yako, na watoto. Mumeo awe na kaka yake au rafiki wa kikosini anayemwamini. Mwambie mapema, tarehe mkaipange pamoja, isiwe ghafla. Mara ya kwanza utalala ukishtuka kusikiliza pumzi ambazo hazipo. Mara ya tatu utalala. Wewe mwenyewe umeniambia, mwaka 2024 hata ziwa lilifungwa, tangu Mei mpaka Agosti, samaki wapate kuzaliana. Hakuna aliyesema ziwa limewasaliti wavuvi.

Ili ulale kwa dada yako, lazima dada yako ajue. Hapa najua tunagusa maneno ya somo wako, na mimi makungwi nawaheshimu, nimekaa chini yao. Lakini tuyaelewe walivyoyakusudia. Walikufundisha stara: usimvue mumeo nguo mbele za watu, usipeleke kasoro zake kisimani. Hawakukufundisha ufe kimya. Kumweleza mtu mmoja mwenye kifua, "mume wangu anaumwa kutokana na vita na mimi nimezidiwa," ni sawa na kusema ana malaria. Hutamsimulia dada yako alivyolia wala majina anayoyaita. Hayo yabaki yake. Yako ni uchovu wako, na huo una haki ya kuusema kwa yeyote unayemwamini.

Halafu tafuta mke mwingine wa mstaafu. Mumeo hakwenda Kongo peke yake. Kuna wanawake Kigoma mjini, Kasulu, Tabora, wanaokagua makomeo kama wewe na kila mmoja anadhani ni yeye tu. Wawili wanatosha. Mkae barazani mnachambua dagaa, mmoja aseme, "Wa kwangu hakai bila kutazama mlango." Sina namna ya kukueleza wepesi wa kusikia mwenzio akijibu, "Na wa kwangu!"

Kikoba urudi. Pesa ni sehemu yake, lakini nataka uwe na saa mbili kwa wiki ambazo watu wanakuita kwa jina lako.

Na upime. Moyo unaokwenda mbio, kushtuka, kutolala: kapime presha kwenye kituo cha afya, na umwambie mhudumu ukweli wote, usiseme "kichwa tu." Anayeishi karibu na kiwewe kwa miaka naye anaweza kukichukua, au akapata sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, yake mwenyewe. Inatibika kama ya mumeo.

Jambo moja dogo: akianza siku moja kukusimulia, huna deni la kusikia kila kitu. Msikilize, mshike mkono kama anataka kushikwa. Ukiona picha zinakuzidi una ruhusa ya kusema, "Baba, hapa tuishie, haya makubwa tumpelekee daktari." Kuna wake waliosikiliza mpaka ndoto za waume zao zikahamia kwao.

Kuhusu tiba, ipo. Iliyo na nguvu zaidi ni ya mazungumzo na mtaalamu aliyefunzwa, ambaye humwongoza mgonjwa kulikabili tukio kidogo kidogo mpaka lipungue makali. Zipo pia dawa, mojawapo ni sertraline, ambazo huchukua wiki kadhaa kuonyesha matokeo, kwa hiyo asikate tamaa wiki ya kwanza wala asiache ghafla bila daktari. Vidonge vya usingizi vya kununua dukani mvikatae. Diazepamu haiponyi kiwewe, mtu anaizoea upesi, na ikichanganywa na pombe inaweza kumzimisha mtu asiamke. Pombe yenyewe anainywa ili alale, namwelewa, ila inamrudishia ndoto saa tisa zikiwa na nguvu zaidi.

Kumfikisha huko ndiyo kazi. Usimwambie "unaumwa akili." Askari aliyefundishwa kuvumilia atasikia unamvua cheo. Anzia kwenye usingizi, maana hilo mnaumwa wote: "Baba, mimi na wewe hatulali. Twende wote tukapimwe." Nenda naye Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa, uliza huduma ya afya ya akili. Huko ndiko mtapewa rufaa kama ikihitajika, kwenda Mirembe, Dodoma, ambako treni yenu ya Kigoma inapita. Hospitali za jeshi nazo zipo, Lugalo ikiwa kubwa, na wataalamu wao wamewaona wengi kama yeye. Aulize kikosini kwake mstaafu ana haki gani ya matibabu, na kama anaona taabu kuuliza, mwenzake wa zamani amuulizie. Mara nyingi mtu wa aina hii hamsikilizi mke wala daktari, anamsikiliza yule aliyekula naye vumbi moja akamwambia, "Hata mimi nilikwenda."

Mama mkwe mjibu kwa adabu. Anamlilia mwanawe. Dua haina ubaya, kisomo hakina ubaya, kama mumeo anakitaka kinamtuliza. Lakini laki nne za mganga sitakushauri, na kama kuna mtu atasema achapwe, afungwe kamba, afukizwe moshi au aache dawa za hospitali, hapo kataa hata kama ni mbele ya ukoo mzima. Mwambie, "Mama, tuanze hospitali, na dua yako iendelee." Wengi wa wazee wetu wanakubali wakiona hawajasukumwa pembeni.

Umesisitiza kwamba hajawahi kukupiga akiwa macho. Nimekuelewa, na natofautisha kama unavyotofautisha. Ila nisikilize. Siku akiinua mkono akiwa macho, kiwewe kitaeleza kwa nini, lakini hakitampa ruhusa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake, na haikuwabagua askari. Amua leo utakimbilia nyumba ya nani. Weka mfuko mdogo huko: vyeti vya watoto, kadi ya bima, nauli. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, na kwenda pale si kumfunga mumeo, ni kuwalinda watoto wakati daktari anafanya kazi yake. Omba mfuko huo usihitajike mpaka uote vumbi.

Umeniuliza kama kusema umechoka ni kumsaliti. Hapana. Mumeo alipokuwa Darfur, lindo lilikuwa na zamu. Mtu alikaa saa zake, mwenzake akaja, akashuka akalala. Hakuna kamanda aliyemwita msaliti kwa kushuka. Mweleze hivyo hivyo, kwa lugha ya kazi yake aliyoipenda. Mwambie, "Nimekaa lindoni miaka saba, naomba nipokewe." Nadhani atakuelewa upesi kuliko unavyoogopa, kwa sababu yule aliyelia alipoona ameshika shingo yako bado yumo ndani.

Angalia kalenda, mbalamwezi inayofuata ni lini. Mpigie dada yako kesho, kabla hujakwenda mwaloni, kabla hujapata sababu ya kuahirisha. Na baada ya mwezi niandikie tena. Habari za mumeo nitazitaka, lakini usianze nazo. Anza kwa kuniambia ulilala saa ngapi.

Shangazi yako